Jina la Mama Shida

Wako watu waliopewa majina kama zawadi, yamefungwa vizuri na kutiwa manukato. Shida hakuwa mmoja wao. Alizaliwa Goma mwanzoni mwa mwaka 1977, wiki ile mlima wa Nyiragongo ulipopasuka ubavu na moto wake ukateremka mbio kuliko mbuzi. Baba yake, Hemedi, dereva wa lori aliyeleta mizigo kutoka Kasongo, akaoa na kusahau kurudi kwao Maniema, siku hiyo alikuwa safarini. Aliporudi alikuta mkewe amejifungulia uani kwa jirani, vyungu vimevunjika na kuku hawaonekani. Akauliza habari. Wakamwambia ni mtoto wa kike. Hemedi akavua kofia, akakaa juu ya jiwe, akasema huyo ataitwa Shida, na mtu asimwongezee maneno.

Hemedi alikuwa mtu mwema, ila kichwa chake kilikuwa na gia moja tu.

Tusimlaumu sana. Kwetu mtoto huulizwa amekuta nini duniani, na alichokikuta ndicho anachoitwa. Aliyezaliwa njiani ni Musafiri, aliyefuata msiba ni Machozi, aliyekuja wakati wazazi wameshakata tamaa ni Bahati. Mwalimu akiita majina darasani asubuhi, hata mgeni aliyeshuka jana atajua mji umepitia nini kabla watoto hawajamaliza kuitika.

Watoto wenzake walimtania mpaka wakachoka wenyewe. "Shida, usiingie kwetu, tuko nayo ya kutosha!" Mwanzo alilia. Baadaye akajifunza kujibu: "Kama muko nayo, munipe kiti niikale na ndugu yangu." Na kwa kuwa alijibu huku akicheka, na meno yake yalikuwa mazuri, walimpa kiti kweli.

Alipokuwa msichana akaanza kuuza vikwembe Birere, kule ambako mpaka wa Rwanda uko hatua chache na pikipiki hupita katikati ya meza za watu. Vikwembe ni vile vitambaa ambavyo wengine huita vitenge, na Shida alivijua kama mchungaji anavyowajua ng'ombe wake. Alikishika kitambaa kwa vidole viwili, akakinusa, akakwambia kitachuja lini. Hakudanganya, na hilo peke yake Birere ni ajabu. Jina ambalo watu waliliogopa mlangoni mwao likawa jina jepesi kukumbukwa sokoni. "Nenda kwa Shida," waliambiana, na mtu akiambiwa hivyo mara moja hasahau tena. Aliolewa na Djibril, fundi cherehani aliyeshona mbele ya kibanda chake, na maisha yakaenda, yeye akipima na mumewe akikata.

Mwaka 1996 vita viliingia Goma. Shida alikuwa na mimba kubwa. Walikimbia na sufuria, mwiko, kinu na hata mchi, kwa sababu Djibril alisema mtu hawezi kula vitambaa. Kwenye njia ya Minova, chini ya mgomba wa watu, mtoto akazaliwa, na hapakuwa na kipande cha kumfungia. Muuza vikwembe, mke wa fundi cherehani, alikosa kitambaa cha mwanawe! Djibril akavua shati lake lenye jasho, wakamviringisha mtoto humo. Wakamwita Musafiri. Shida aliliangalia lile shati, akaapa kwamba siku nyingine wakikimbia, wengine wabebe magodoro na masufuria wapendavyo. Yeye atabeba vikwembe.

Na siku nyingine haikukawia. Mwaka 2002 mlima ukapasuka tena, moto ukapita katikati ya mji na kukiteketeza kibanda chake Birere. Shida alitembea mpaka Sake na robota la vikwembe kichwani, watu wakimcheka njia nzima. Kule Sake, kwenye kanisa lililojaa wakimbizi, wanawake wawili watatu walijifungua wiki ile. Kila aliposikia kilio cha mtoto mchanga, Shida alilifungua robota, akalikata pindo la kitambaa kwa meno, akachana kwa mikono miwili, akampa mama. Hakuuliza kabila wala dini. Aliulizwa jina tu, na alipolitaja waliona anatania. Mwaka 2012, waasi walipoingia mjini kwa siku kumi, alilibeba robota hilo hilo na kufanya vile vile. Ilikuwa mazoea yake, kama wengine wanavyokunywa chai. Kufikia hapo watu wengi walikwisha kuanza kumwita Mama Shida.

Katikati ya hayo aliwazika wazazi wake, akamzika Djibril aliyekufa kwa homa, akawazika watoto wawili waliomfuata Musafiri. Pamoja na yote alikuwa mtu wa furaha, na wala sisemi hivyo kwa kumsifu. Alikula vizuri, alilala vizuri, na alimpenda mwanawe mpaka majirani wa mtaa wao wa Katoyi wakaona anazidisha. Musafiri akawa dereva kama babu yake, akipakia samaki wa chumvi kutoka Vitshumbi. Akamwoa Ramla, msichana mpole wa Birere. Mwaka 2021 ulipoanza, Ramla alikuwa na mimba.

Siku moja Musafiri alikuja kibandani, akasimama kama mtu mwenye jambo.

"Mama, kama ni mutoto mwanamuke, tutamuita Shida."

"Wee! Akili yako iko muzima?"

"Iko muzima. Na Ramla njo vile anataka. Ni jina yako, Mama. Tunataka ibakie."

Shida akageuka haraka kupanga vitambaa vilivyokwisha kupangwa. Nitasema wazi kilichokuwa moyoni mwake, maana yeye hakumwambia mtu. Alifurahi mno. Katika ukoo wao mjukuu wa kwanza wa kike huchukua jina la mama wa baba yake, naye hakuwahi kuthubutu kufikiri kwamba desturi hiyo ingemfikia na jina kama lake. Mtoto aliyebaki alikuwa mmoja tu. Jina lisiposhika kwa huyu mjukuu, basi lingekwisha siku atakayozikwa mwenye nalo. Alilitaka jina lile liendelee. Alilitaka kuliko alivyowahi kutaka nyumba ya matofali.

Furaha hiyo ilidumu siku nne. Siku ya tano akaja Sumaya, mama yake Ramla. Sumaya na mumewe walikuwa na duka la mchele na sukari Birere, na babu zao walikuja na biashara kutoka pwani. Alikuwa mwanamke safi, mwenye kusema kweli kwa sauti ya chini, na kweli ya sauti ya chini ndiyo inayochoma.

"Mama Musafiri, sikuje na ugomvi."

"Karibu, Mama Ramla. Ikala."

Sumaya akaikusanya nguo yake, akakaa kwenye kigoda. "Ni juu ya ile jina. Miye nakuheshimu, Mungu anajua. Lakini jina ni dua. Kila siku batu bataita ule mutoto Shida, Shida, mara mia. Ni kama kuita mvua wakati umeanika nguo. Na ku masomo batamucheka. Na siku ya kuolewa? Kijana gani ataenda kwa wazazi wake kusema anataka kuleta Shida mu nyumba?"

Shida alitaka kujibu kwa mzaha, kama alivyowajibu watoto wa zamani. Mzaha haukuja. "Unasema kweli, Mama Ramla," akasema. "Tutatafuta ingine."

Sumaya alipoondoka, Shida hakumkasirikia. Kilichomuuma ni kwamba maneno yale aliyajua tayari, aliyaficha tu chini ya furaha yake. Watu wangesema nini? Wangesema mwanamke huyu amekula shida zake zote akashiba, na bado akamwekea mjukuu makombo. Akaona haya kwa kule kutaka kwake, kama mtu aliyefumaniwa na mkono chunguni.

Akamwambia mwanawe mtoto ataitwa Furaha.

"Furaha?" Musafiri akakunja uso. "Mama, ukiita Furaha hapa Birere bataitika makumi mbili."

"Basi hatakosa wenzake."

"Nani alikusemesha?"

"Hakuna. Ni miye mwenyewe. Na ile siku ya akika, ni miye nitasema jina mbele ya Shehe, kusudi mutu asiseme eti munanifukuza mu nyumba yangu."

Musafiri hakubishana na mama yake, hakulelewa hivyo. Lakini kwa siku kadhaa alipita kibandani akisalimia tu.

Mwezi wa tano, Jumamosi moja jioni, mbingu ya upande wa mlima ikawa nyekundu. Moto ulimeza vijiji vya pembeni na kusimama ukingoni mwa mji, watu wakamshukuru Mungu wakaanza kurudi majumbani. Kisha ardhi ikaanza kutetemeka. Ilitetemeka Jumapili, ikatetemeka Jumatatu, kuta zikachanika, na wazee wakasema mlima haujamaliza maneno. Musafiri alikuwa Vitshumbi na samaki wake, na moto ulikuwa umeikata barabara nyuma yake. Alhamisi asubuhi mitaa mingi iliamriwa kuhama, na mingine ikahama bila kuamriwa. Katoyi nzima ilikuwa nje na mizigo.

Sumaya alikuwa amekuja kukaa na bintiye. Shida akasimamisha pikipiki katikati ya umati, akamshika dereva shati asimponyoke, akampandisha Ramla na tumbo lake, na Sumaya nyuma yake wa kumshikilia.

"Na wewe?" Sumaya akauliza.

"Miye nitafuata na muzigo. Tutakutana Sake."

Sumaya akaliona robota la vikwembe kizingitini. "Mama Musafiri! Unaacha sufuria, unabeba nguo za kuuza?"

"Sufuria tutaazima. Muende!"

Akampata mwenye chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedeli, wakalifunga robota juu yake, yeye akatembea pembeni huku mkono mmoja ukiwa juu ya mzigo. Njia ya Sake ilikuwa watu watupu. Walibeba mbuzi, televisheni, wazee mgongoni. Shida alipiga simu ya Ramla kila baada ya kilima, haikupatikana. Kufikia saa tisa alasiri, alipoingia Sake, miguu ilikuwa imevimba na kinywa kimekauka, lakini hayo hakuyasikia. Alisikia woga peke yake. Makanisa yalijaa, shule zilijaa, na kila alipouliza kama wamemwona mwanamke mwenye mimba akiwa na mama yake, walimjibu kwamba wamewaona mia. Alijilaumu kwa robota, kwa pikipiki, kwa kila kitu. Angekuwa nao sasa. Wakimpoteza huyu mtoto, hata hilo jina la Furaha atampa nani?

Mbele kidogo, barabarani hapo hapo, akaona kikwembe kimetundikwa juu ya lango la mianzi. Kilikuwa cha buluu chenye samaki wa manjano. Kati ya vikwembe vyote vya Kivu angekijua hicho, kwa sababu alikikata kwa mkono wake siku Ramla alipoingia nyumbani kwake kama mkwe. Akasogea mbio. Kutoka ndani ya ua sauti ya mwanamke ikapaa:

"Shida! Leta maji, mutoto anafika!"

"Abee!" akaitika Mama Shida.

"Abee!" akaitika mtu mwingine nyuma yake.

Akageuka. Msichana mwenye bidoni ya maji kichwani, wa miaka kumi na tisa hivi, alikuwa amesimama barabarani akimshangaa. Wakatazamana. Kisha kilio cha mtoto mchanga kikatoka ndani ya nyumba, kikali, chenye ghadhabu, na wote wawili wakasahau kushangaana wakaingia mbio.

Alikuwa wa kike. Mama Shida hakukaa wala hakusalimia. Alilifungua robota, akaliuma pindo la kitambaa, akachana, na mjukuu wake akafungwa kwenye kitambaa kipya kabisa, chenye harufu ya dukani. Ramla alicheka na kulia pamoja. Sumaya, aliyekitundika kikwembe cha Ramla langoni ili waonekane, yeye aliyekuwa safi siku zote, alikuwa na tope mpaka magotini na kilemba chake hakionekani. Alimkamata Shida mabega, akamshikilia.

Mwenye nyumba alikuwa mkulima wa maharagwe aliyeteremka kutoka milima ya Masisi, jina lake Annonciata. Aliponawa mikono alikuja akasimama mbele ya Mama Shida, akamwangalia vizuri.

"Hunijue tena."

"Unisamehe, mama. Miaka inafuta sura za batu."

"Mwaka ya volkano, mu kanisa. Nilizaa juu ya majani ya migomba. Ulinipasulia kikwembe ya mistari nyekundu. Nikakuuliza jina, ukasema, nikazania unanicheka." Akamwita yule msichana wa bidoni. "Kwetu mutoto tunamuita kitu alikuta. Huyu alikuta wewe. Nikamuita jina yako."

Mama Shida alikaa chini hapo hapo, juu ya robota. Kwa miaka kumi na tisa, mwendo wa saa sita tu kwa miguu kutoka meza yake, kulikuwa na mtoto wa Kikristo wa milimani aliyeitwa jina lake kila siku, akatumwa nalo kisimani, akakaripiwa nalo, akaombewa nalo kanisani, na yeye hakujua.

Sumaya alikuwa akimtazama yule msichana kwa makini, kama anavyotazama mchele kabla ya kuununua. "Na huyu, ameolewa?" akauliza polepole.

"Bado kidogo," Annonciata akasema. "Ng'ombe ine zilishakuya. Ingine mbili bataleta kisha mavuno. Kijana ni wa Kitshanga, anamupenda mpaka ni haya."

Sumaya akakohoa. Akaomba maji ya kunywa.

Walikaa kwa Annonciata siku zote zile ambazo mji ulikuwa mtupu. Walikuwa watu kumi na mmoja katika vyumba viwili, na kama unadhani ilikuwa karaha, hujawahi kukaa mahali ambapo kila mtu anashukuru. Walikula maharagwe, sombe ya majani ya muhogo, na maziwa. Annonciata aliwaazima sufuria yake kubwa, na kila mara Sumaya alipoiinjika alimtazama Mama Shida, naye akatazama pengine kwa adabu. Siku ya tano Musafiri akafika. Alikuwa ameacha lori Rutshuru, akavuka kwa miguu juu ya mawe ya moto ambayo bado yalikuwa na fukuto, viatu vyake vikayeyuka soli. Alimchukua binti yake mikononi, akanusa kichwa chake, akasema ana harufu ya dukani kwa tate. Tate ndivyo sisi tunavyowaita mababu na bibi.

Siku ya saba Annonciata akatoa mbuzi. Musafiri alipotaka kusema neno juu ya bei alimnyamazisha kwa kumpungia mwiko, akasema kisu washike Waislamu wenyewe, kupika atapika yeye. Shehe wa Sake akaja, mzee mfupi mwenye viatu vya mpira. Kichwa cha mtoto kikanyolewa. Watu wakakaa uani juu ya vikwembe vilivyotandikwa, Waislamu na Wakristo pamoja, na Shehe akauliza mtoto anaitwa nani.

Musafiri akainamisha kichwa. Mama Shida akasimama, kwa kuwa aliahidi. Alikuwa amelirudia neno lile moyoni tangu asubuhi ili sauti isimsaliti.

"Furaha," akasema.

"Hapana," akasema Sumaya.

Kila mtu akageuka. Sumaya hakuwa mtu wa kukatiza wengine, na sasa alikuwa amesimama.

"Shehe, uniruhusu. Jina hii ya Furaha ni miye nilileta na mudomo yangu. Nilienda ku meza ya huyu mama, nikamuambia jina yake italetea mutoto mabaya. Hakunijibu hata neno moja ya ubaya. Halafu ile siku ya kukimbia, binti yangu anashikwa na uchungu mu barabara. Niligonga milango tano. Nilitaja jina ya bwana yangu. Nilitaja duka yetu. Bote balisema nyumba imejaa. Nikashindwa. Nikaanza kulia kama mutoto, nikaita huyu mama, sikujua hata yuko wapi: 'Mama Shida wa vikwembe! Mama Shida wa Birere!' Ni ile jina njo ilifungua mulango hii. Sasa nitakuwa na sura gani ya kukataza mutoto jina yenye ilimuokoa?"

Shehe akajikuna kidevu. "Mama, ni sunna kumpa mutoto jina yenye maana muzuri. Hii, maana yake sote tunaijua."

"Maana yake iko palepale, imesimama," Sumaya akasema, akimwonyesha Mama Shida kwa mkono mzima. "Muiangalie."

Shehe akamwangalia. Akaliangalia robota lililobaki nusu, na wanawake wa jirani ambao watatu kati yao walikuwa wamebeba watoto wachanga kwenye vitambaa vyake vipya. Kisha akauliza kwa upole, kama mtu anayetaka jibu kweli: "Na wewe mwenyewe, mama, moyo yako inataka nini?"

Kwa miaka mingi watu walimuuliza Shida kitambaa kipi kinafaa, njia ipi ina usalama, mtoto anatibiwa nini. Hilo la moyo hawakumuuliza. Angeweza kusema lolote litakalopendeza, na heshima ingebaki. Lakini alikuwa amechoka kuona haya.

"Ninaitaka," akasema. "Tangu siku ya kwanza niliitaka. Niliogopa tu midomo ya batu." Na machozi yakamtoka mbele za watu wote, mwanamke mzima, naye hakuyafuta.

Musafiri akainua kichwa. Ramla akampeleka mtoto, akamweka mikononi mwa mama mkwe wake. Shehe akasema kwamba dini inakataza kumdhulumu mtoto, na yeye hapa haoni aliyedhulumiwa. Akainamia sikio dogo, akasoma, akalitaja jina, wakaitikia amina, na wanawake wa Masisi wakapiga vigelegele ambavyo nina hakika vilisikika mpaka ziwani.

Wapo waliosema, bila shaka. Jirani mmoja wa Katoyi aliposikia habari kwa simu alisema watu hawa hawajifunzi. Wacha aseme, mdomo ni wake. Sumaya ndiye aliyeichukua ile simu na kumjibu, kwa sauti ya chini.

Adhuhuri nyama ilikuwa jikoni na harufu imejaa ua wote. Mama Shida alikuwa amekaa kivulini na mjukuu mapajani, akimpepea nzi kwa ncha ya kitambaa. Ndipo Annonciata akapaza sauti kutoka jikoni, bila kuondoa macho kwenye sufuria:

"Shida! Leta chumvi!"

"Abee!" akaitika msichana kutoka kisimani.

"Abee!" akaitika Mama Shida, akiwa tayari ameshaanza kuinuka. Na mtoto, kwa kutikiswa, akafungua kinywa akalia.

Watu wakaangua kicheko. Mama Shida alikuwa na miaka arobaini na minne, na miaka yote hiyo jina lile lilipoitwa aliliitikia peke yake. Akakaa chini tena, akamweka mtoto vizuri, akamwacha mwenzake apeleke chumvi.